Plugin zilikubali Windows ya Kakoba, zikagoma kwenye Linux ya kwaya yetu Nakivale: nilivyozinyoosha

Wakuu, hamjambo huko mliko.

Mimi humu ni msomaji wa kimya. Nasoma nyuzi za watu, nacheka, nalike, napita. Leo ni zamu yangu, na ninachowaletea nimekifanya kwa mikono yangu hii. Hakuna chumvi. Anayetaka ushahidi aje Kashojwa, kijiji chetu humu Nakivale, ataukuta mezani umewashwa.

Kabla hamjaanza "mkuu, mkuu", mjue mimi ni dada. Niiteni mkuu tu, nimeshazoea, lakini mjue.

Kiswahili changu kina Kongo ndani yake. Nimezaliwa Uvira, nimekulia hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi kusini magharibi mwa Uganda. Mkikuta neno limekaa upande, msiniletee ualimu. Someni tu.

Haya, twende.

Nina kibanda cha kuchaji simu, kuprint na kuwawekea watu nyimbo kwenye flash. Huo ndio mkate wangu. Kazi ya moyo ni nyingine: mimi ndiye fundi mitambo wa kwaya ya kanisa letu. Fundi mitambo maana yake ni kwamba spika ikipiga kelele wakati wa ibada, kanisa zima linageuka kuniangalia mimi.

Kwaya yetu ina kompyuta moja ya mezani. Zamani ilikuwa na Windows. Tatizo letu sisi watu wa kambini ni flash. Flash moja inatoka shuleni, inapita kwa muuza filamu, inalala kwa rafiki, halafu inakuja kanisani kuleta wimbo. Virusi vilituchezea mpaka tukachoka. Unafungua folder la nyimbo, unakuta kila kitu kimekuwa shortcut.

Nikafuta kila kitu, nikaweka Linux, mfumo wa bure badala ya Windows. Tangu hapo mashine haijaumwa. Nilijivuna, siwafichi.

Lakini kuna ndugu yetu mmoja anaitwa Safari, anaimba besi. Huyu alisema mbele ya kwaya yote kwamba Linux ni Windows ya watu wasio na hela. Watu wakacheka. Mimi niliiweka moyoni.

Mumkumbuke Safari, tutarudi kwake.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Kwaya yetu ina mwanamke anaitwa Mama Nabintu. Ndiye anayeongoza sauti ya kwanza, na ndiye aliyeianzisha hii kwaya enzi tunaimba chini ya turubai, kabla kanisa halijapata mabati. Sisi vijana wote alitufundisha yeye. Mimi mwenyewe alinifundisha kuimba, alipoona siimbi akaniambia, "Mwanangu, wewe uende ku spika."

Nilienda ku spika na sijajuta.

Mama Nabintu ana wimbo alioutunga mwenyewe. Nusu Kiswahili, nusu Kifuliiru, lugha ya kwetu Uvira. Ni wimbo wa mama yake mzazi, bibi aliyebaki Uvira, aliyekataa kukimbia. Huo wimbo ukiimbwa hapa, hata watoto wanatulia.

Kwa miaka yote hatujawahi kuurekodi vizuri. Tulikuwa na clip za simu tu, zenye watoto wanalia na mbuzi ndani yake.

Halafu kesi ya Mama Nabintu ikapita. Walioishi kambini wanajua "kesi" ninayosema, ile ya kuhamishiwa nchi nyingine. Yeye na wanawe wakaambiwa wajiandae, wanaenda Canada.

Tulifurahi, tulilia, yote kwa pamoja. Na mimi fundi nikapata kazi moja kichwani: sauti ya huyu mama haiondoki hapa kabla sijaikamata.

Tatizo la kwanza likawa mashine ya kusaga.

Kanisa letu limepakana na mashine ya kusaga mahindi. Inaanza mchana, na kwaya inakutana mchana. Tulimwendea mwenye mashine, tukamwomba asimame kidogo. Akatuuliza kama kwaya itawapikia watu waliopanga foleni na mahindi yao. Tukarudi zetu.

Kwa hiyo tulirekodi wimbo mzima na ule mngurumo nyuma. Mmmmmmm, mwanzo mpaka mwisho.

Hapa ndipo anaingia Mugisha.

Mugisha ni Mnyankole, ana studio ndogo Kakoba, mjini Mbarara, nyuma ya duka la vipuri vya boda boda. Ukutani amebandika trei za mayai kuzuia mwangwi. Baba yake alikuwa askari, na yeye amekulia kambi ya jeshi ya Makenke, ndiyo maana Kiswahili anacho. Kile cha jeshini. Kila mtu kwake ni afande. Hata mimi.

Huyu jamaa ana kichwa. Programu ya kuchanganya sauti tunayotumia mimi na yeye ni ileile, yeye yuko kwenye Windows, mimi kwenye Linux. Inakubali plugin, yaani vijiprogramu vidogo vya script unavyovipachika ndani yake ili ifanye kazi isiyoijua. Nilimtumia sampuli ya ule mngurumo. Akakaa, akaandika script ya kuusikiliza na kuutoa.

Script ya kufuta mashine ya kusaga ya Kashojwa. Duniani iko moja tu, na tunayo sisi.

Ya kwanza akanipa kwenye flash. Nikaipachika jioni, ikafunguka bila shida. Lakini ilikuwa inatoa mngurumo pamoja na nusu ya besi. Safari akasikika kama anaimba kutoka ndani ya ndoo. Mimi sikuona ubaya, lakini kwaya ililalamika.

Kwa hiyo ilibidi tuirekebishe kidogo kidogo. Mimi nasikiliza, namwambia Mugisha punguza hapa, ongeza pale. Yeye anabadilisha, anaijaribu kwake, ananitumia mpya kwa WhatsApp.

Mtaniuliza kwa nini sikupeleka wimbo wote Kakoba ukasafishwe huko. Swali zuri. Kwa sababu ukishasafisha ndipo unasikia makosa yaliyofichwa na mngurumo. Nikigundua kosa la Mama Nabintu akiwa yuko hapa, anarudia palepale. Nikiligundua akiwa Canada, imekula kwetu. Nilitaka kusafisha, kusikiliza na kurudia humohumo kwenye chumba cha kwaya, yeye akiwa amesimama mbele yangu.

Basi script ya pili ikaja. Nikaipachika.

Haipo.

Nafungua programu, kwenye orodha ya plugin hakuna kitu. Haisemi imekosea. Haisemi imekataa. Inafunguka kimya kama vile hujaweka chochote. Folder lipo, file lipo, ukilifungua maandishi yapo.

Nikampigia Mugisha.

"Banange! Hapa kwangu inafanya muzuri sana. Nimetoka kuitumia sasa hivi."

"Huku haionekani."

"Basi shida iko na hiyo Linux yako, afande. Weka Windows, tupumuzike."

Nikamwambia anitumie tena. Akafunga upya, akatuma. Nikaipachika. Haipo. Nikaangalia ruhusa za file, ziko sawa. Nikalinganisha na file la kwanza, jina limekaa sawa, folder ni lilelile. Nikaiondoa ile mpya, nikabaki na ya kwanza. Ya kwanza inafunguka! Nikaweka mpya. Hakuna.

Siku zikaenda hivyo, wakuu. Mugisha anabadilisha, anatuma. Mimi naweka, inagoma, nafuta kwa hasira, namwambia atume nyingine. Na siku za Mama Nabintu zinapungua. Wanawake walishaanza kwenda kwake kumsaidia kugawa masufuria na magodoro. Nilikuwa nikipita pale naangalia chini, maana nilimuahidi kuusafisha wimbo wake.

Kisha kikatokea kituko.

Siku moja nimeweka script mpya, imegoma, nikasema potelea mbali. Sikuifuta. Nikaenda nyumbani, nikala bugali na sombe, kisamvu chenu hicho, taratibu, nikapiga na stori na jirani. Kurudi, nafungua programu tena.

Ipo!

Nilipiga kelele mpaka watu wa foleni ya mashine wakachungulia. Nikampigia Mugisha.

"Imekubali!"

"Sasa wewe umefanya nini?"

"Nimekula."

"Sema ukweli, afande."

"Nimekula bugali, nimerudi, imekubali. Hakuna kingine."

Akacheka mpaka simu ikakata. Alipopiga tena nikamwambia kuna kamngurumo kadogo kamebaki kwenye ubeti wa pili, akatoe. Akatoa, akatuma. Nikaweka.

Imegoma.

Safari alikuwa amekaa mlangoni na bakuli la karanga. Akasema, "Basi uende ukule tena, dada."

Wakuu, nilitamani kumrushia kibodi.

Nikajisemea, sikiliza wewe, mashine haina roho. Haina kinyongo, haipendi bugali. Kama leo inakataa na baadaye inakubali, kuna kitu kinabadilika katikati. Na kabla ya kukitafuta, nijue kwanza mshitakiwa ni nani. Ni Linux kweli, au ni hii kompyuta yetu?

Nikaweka Linux ileile, na programu ileile, kwenye flash ya kuwashia kompyuta. Asubuhi nikashuka Mbarara.

Mugisha alinipokea kwa saluti. Nikamwomba ile laptop yake ya zamani aliyoitupa kabatini. Tukaiwasha kwa flash yangu, ikaamka na Linux safi. Nikamwambia, "Sasa tengeneza script mpya mbele ya macho yangu, uniletee hapa hapa."

Akabadilisha, akaifunga, akanipa. Nikaipachika ikiwa bado ya moto.

Ikafunguka mara ya kwanza.

Nilisimama nikapiga makofi peke yangu. Mugisha akatoa kofia, akaishika kifuani.

"Nakubali, afande. Linux haina kosa. Naomba musamaha mbele ya haya mayai yote."

Yaani huyu mtu ni raha. Kosa lake alilikubali hapo hapo, akaniongezea na wazo. Akasema ile programu ukiibonyeza kwa icon haisemi kitu, lakini ukiiita kwa terminal, yaani kwa kuandika amri, inatapika yote iliyonayo moyoni. Kwake yeye haijawahi kumgomea, kwa hiyo hakuwahi kuhitaji. Nikamwomba script ya mwisho iliyo safi kabisa, anitumie nikifika, nisije nikawa nimebeba iliyolala njiani ikabadilika tabia.

Nikarudi Kashojwa na hasira nzuri, zile za mtu anayejua adui yuko chumba gani.

Nilikuta kwaya wanafanya mazoezi. Mama Nabintu yupo mbele, kitenge kimefungwa vizuri, anaimbisha kana kwamba haendi popote. Nikakaa kwenye kompyuta. Script ya Mugisha ikaingia. Nikaipachika, nikaita programu kwa terminal.

Maandishi yakashuka, mengi, ya kawaida. Halafu ukapita mstari mmoja wa script yetu. Ulisema kwa Kiingereza chake kwamba muhuri wa hiki kitu haujaanza kufanya kazi. Ukaandika na saa utakayoanza.

Ngoja niwaeleze muhuri, ni jambo rahisi. Ile programu inaogopa script za matapeli. Kwa hiyo ukimaliza kuandika script unaifunga kwa muhuri, na muhuri unabeba saa uliyofungwa. Programu ikiufungua inaangalia: umefungwa saa ngapi? Kama umefungwa wakati ambao bado haujafika, inasema huyu ni mwongo, inamtupa nje kimya kimya.

Nikaangalia ile saa ya muhuri. Saa kumi na kidogo jioni.

Nikaangalia saa ya kompyuta kwenye kona. Saa tisa na kidogo.

Nikainua macho kwenye saa ya ukutani ya chumba cha kwaya. Saa tisa na kidogo.

Nikatoa simu mfukoni.

Saa kumi na kidogo.

Walio nje ya maeneo yetu labda hamjui. Kivu na Uganda zimepishana saa moja. Uvira wako nyuma. Na hapa kambini wapo wazee mingi ambao hawajawahi kuhamisha saa zao. Mwili ulivuka mpaka, saa ya mkononi ikabaki kule. Ukialikwa kitu unauliza kabisa, "Saa ya kwetu ao saa ya Uganda?"

Kwaya yetu inakutana saa ya kwetu. Saa ya ukutani ni saa ya kwetu. Mimi nimekulia chini ya ile saa, nikiingia chumba kile jicho langu lenyewe linapunguza saa moja bila kuniuliza. Ningewezaje kuona kompyuta iko nyuma, wakati inafanana na ukuta?

Kwa hiyo kila script iliyotoka Kakoba ilikuwa inafika kwetu ikitokea saa moja mbele. Ukiiacha, saa moja ikipita, inakubalika. Ndiyo ile bugali yangu! Na sisi kwa haraka zetu kila ikigoma tunafuta, tunaomba mpya, na ile mpya inaanza kusubiri upya. Ile ya kwanza ya flash ilikubali kwa sababu ilikuwa imeshatembea njiani na kulala mfukoni mwangu.

Nikageuka, nikauliza kwa sauti, "Nani amegusa saa ya kompyuta?"

Mama Nabintu akainua mkono kama mwanafunzi.

"Ni miye njo niliirudishaka, mwanangu. Ile siku ulitufundisha kuandika nyimbo mu kompyuta. Ilikuwa inaonyesha saa ya Uganda. Nikairudisha. Ikapata réseau ya internet, ikakimbia tena mbele. Nikaifunga ile fasi ya kujigeuza yenyewe."

Mama ambaye mwaka jana alikuwa anaogopa kugusa mouse! Aliingia kwenye settings, akazima saa ya kujirekebisha, akaiweka kwa mkono, na hakuna aliyejua.

"Kwa nini, Mama?"

Akaja akasimama karibu na meza, akaongea polepole.

"Mama yangu ni mukubwa sasa. Simu kule haipitake kila siku. Lakini saa kumi na mbili ya magaribi anasalaka, na miye nasalaka. Tulipatana hivyo tukiachana. Simu haipite, lakini saa, iyo inapitaka. Sasa chumba hiki njo kwetu. Sikupenda tukuwe na saa ya bengine humu."

Hata Safari aliacha karanga.

Halafu akaangalia kompyuta, akaniangalia mimi, akasema, "Kama ni ile njo inaharibu kazi, uirudishe ya Uganda. Na ya ukuta pia. Miye naondoka tu."

Hapo ndipo nilipokataa, wakuu. Ilikuwa rahisi sana kusogeza saa mbele na kumaliza. Kubonyeza kidogo tu. Lakini huyu mama anaacha nyumba, anaacha kwaya, anaacha masufuria, halafu mimi nimnyang'anye na saa?

Nikamwambia, "Hapana, Mama. Kaa hapa uone."

Sikilizeni, hii ndiyo sehemu ninayojidai nayo.

Kompyuta ndani yake ina saa moja tu ya dunia nzima, na haijali Uvira wala Mbarara. Halafu kuna timezone. Timezone ni kama miwani tu, inakuonyesha ile saa moja jinsi inavyoonekana ukiwa mahali fulani. Mama Nabintu alisogeza saa yenyewe ya ndani, kwa hiyo kompyuta ikaamini dunia nzima iko nyuma. Alichotaka hakikuhitaji kusogeza saa. Kilihitaji miwani.

Nikairudisha saa ya ndani kwenye ukweli. Kisha nikafungua timezone, nikaondoa Kampala, nikatafuta Lubumbashi, ambayo ndiyo saa ya Kongo upande wetu. Nikabonyeza.

Kwenye kona pakaandikwa saa tisa na dakika zake.

Safari akasogea. "Umefanya nini sasa? Saa ni ileile."

"Ndiyo hiyo hiyo, kaka. Kaa chini."

Nikafungua programu. Orodha ya plugin ikashuka, na script ya Mugisha ikakaa mahali pake, mpya kabisa, ikiwa bado ya moto, bila mtu kula chochote.

Nilipiga vigelegele. Mimi, mwenyewe, fundi. Soprano wakanipokea, alto wakaingia, chumba kikawa harusi. Nikampigia Mugisha nikamweka kwenye spika. Nilipomweleza akasema, "Nyinyi watu! Yaani munaishi Uganda na saa iko Congo?" Kwaya nzima ikajibu kwa pamoja, "Ndiyooo!"

Tukausafisha wimbo palepale.

Mngurumo ukaondoka. Hakuna aliyewahi kuisikia sauti ya Mama Nabintu ikiwa peke yake hivyo. Mwenyewe alijifunika uso kwa kitenge.

"Iyi ni sauti ya mama yangu," akasema. "Miye sikujuaka naimbaka kama yeye."

Mimi nililia hapo, na sioni aibu kuandika.

Sasa, nilisema tutarudi kwa Safari. Mngurumo ulipoondoka, katikati ya ubeti wa pili, pale mama anapoliita jina la mama yake, ikasikika kho! kho! Kikohozi. Kikohozi kinene cha besi, kilichokuwa kimejificha nyuma ya mashine ya kusaga.

Wote tukageuka.

Safari akaangalia karanga zake.

Tulimtoa nje, tukarudia ubeti ule. Mama aliuimba mara moja tu na hakukosea. Mashine ya kusaga iliendelea na kazi yake, watu wakapata unga, na sisi tukapata wimbo. Kama tungesafishia Kakoba, kile kikohozi tungekikuta mama ameshapanda ndege, na kingekaa mle milele. Nafikiria hilo mpaka leo na nashukuru.

Asubuhi ya basi tulikwenda wote kumsindikiza. Wimbo ulikuwa kwenye simu yake, na kwenye flash mbili nilizozisafisha mwenyewe, maana flash siziamini.

Kabla ya kupanda akanivuta pembeni, akanipa ile simu.

"Kule kuna saa yao," akaniambia. "Sijue itakuwa ngapi. Uniwekee ile miwani."

Nikamwekea saa mbili kwenye kioo. Ya juu inajigeuza kufuata atakapokuwa. Ya chini nikaandika Uvira, haigeuki.

Akaisoma ya chini tu. Akapanda.

Juzi amenitumia sauti. Anasema huko saa zimeachana sana na za huku. Mama yake akisali magaribi, kwake yeye ni mchana, na yuko darasani anajifunza lugha yao. Basi anaomba ruhusa kwa mwalimu, anatoka kwenye korido, anaangalia saa ya chini, anaimba polepole. Mwalimu alimuuliza anaenda wapi kila siku. Akamjibu, anaenda kumwona mama yake.

Wakuu, nilichojifunza nawaachia. Plugin ikigoma kwenye mfumo mmoja na kukubali kwenye mwingine, msikimbilie kuutukana mfumo. Iteni programu kwa terminal, isikilizeni yenyewe inasema nini. Ijaribuni kwenye mashine nyingine yenye mfumo uleule. Na angalieni saa. Lakini mkikuta saa imesogezwa, kabla ya kuisogeza mbele, muulizeni kwanza aliyeirudisha. Huenda anachohitaji ni timezone tu.

Safari siku hizi ana Linux kwenye laptop yake. Nimemwekea mimi. Nilimfanya aiombe mbele ya kwaya.

Haya, uwanja ni wenu. Mwenye mashine iliyowahi kumgomea bila sababu aje aseme sababu ilikuwa nini. Wa Windows njooni pia, leo sina ugomvi. Na kama humu kuna mtu wa Kivu ambaye saa yake bado iko nyumbani, anisalimie tu, nitamwelewa.

Jukwaa litawaonyesha kwamba nimepost saa kumi na moja jioni. Msiliamini sana. Hapa mezani kwetu ni saa kumi, na kwaya ndiyo wanasimama kuimba.